Tabora tunahitaji vituo vya familia ambamo mzazi anaingia pamoja na mtoto wake

Mleta uzi (Tabora Manispaa)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naleta mbele yenu hoja ya vituo vya familia. Ninakusudia mahali palipo karibu na makazi, ambapo mzazi mwenye mtoto mdogo anaweza kufika mara kwa mara, akakaa na mtoto wake, akajifunza malezi kwa vitendo, akapimiwa mtoto uzito na urefu, akasaidiwa kupata cheti cha kuzaliwa, na akakutana na wazazi wenzake wanaolea watoto wa rika moja. Huduma hizo kwa namna fulani zipo, lakini zimetawanyika, na kila moja inamtaka mama afunge safari ya peke yake.

Tutazame kalenda ya mtoto mwenyewe. Anapozaliwa anapata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Anarudi kliniki akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Akifikisha miezi 9 anachomwa sindano ya surua na rubela, na kwenye miezi 18 anachomwa tena. Kadi ya kliniki ina nafasi za kuandika uzito mpaka miaka 5, lakini ninyi nyote mnajua kwamba katika nyumba nyingi kadi hiyo inaingia sandukuni siku ile chanjo ya mwisho inapokamilika. Mtoto huyo anaonekana tena na mtumishi wa umma anapoandikishwa darasa la awali akiwa na miaka 5. Katikati kuna miaka mitatu na nusu, na hiyo ndiyo miaka anayojifunza kusema, kuuliza, kusubiri zamu yake, kuzuia hasira, na kuamini au kutoamini kwamba mtu mzima akiitwa ataitika. Miaka hiyo yote tumemwachia mama peke yake, tena mara nyingi mama mwenyewe ni binti wa miaka 18 au 19 ambaye mama yake mzazi yuko wilaya nyingine.

Serikali haikulifumbia macho jambo hili. Desemba 2021 ilizinduliwa Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangiwa kutekelezwa kuanzia mwaka 2021/22 hadi 2025/26 kwa ajili ya watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Programu hiyo inasimama juu ya mambo matano yaliyowekwa katika mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018, ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Sina ugomvi na sera hiyo, naiheshimu. Ninachokiona ni kwamba mambo hayo matano yana idara zake na maofisa wake, ilhali mtoto ni mmoja na mama ni mmoja. Watu wa afya wako zahanati, wa elimu wako shuleni, afisa ustawi wa jamii yuko makao makuu ya halmashauri, na cheti cha kuzaliwa kinafuatwa ofisi ya kata au kituo cha afya. Mkoa wetu una eneo la zaidi ya kilomita za mraba 76,000, na Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,391,679. Mwenye kuishi ndani ndani huko Sikonge au Kaliua anajua maana ya kuambiwa "nenda wilayani".

Naomba niweke mpaka mapema, kwa sababu mjadala wa namna hii hupotea njia hapa. Siongelei chekechea. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vilitungiwa sheria tangu mwaka 1981, na baadaye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikachukua nafasi yake. Kabla ya hapo, miaka ya Ujamaa, Umoja wa Wanawake wa Tanzania ulikuwa na vituo vyake vya watoto, na wazee waliomo humu watakumbuka. Vituo hivyo vinahitajika na sivipingi. Lakini mtoto akipokelewa mlangoni asubuhi na kurudishwa mchana, tumebadilisha saa chache za siku yake, na nyumbani anakorudi hatujapagusa. Kituo ninachokipigania ni kile ambacho mzazi haruhusiwi kumwacha mtoto mlangoni, bali anaingia naye na kukaa naye mkekani.

Ushahidi unaonisukuma zaidi unatoka Jamaika. Mjini Kingston, katikati ya miaka ya 1980, watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor waliandikisha watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa kati ya miezi 9 na 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya wa jamii, ambao walicheza na mtoto mbele ya mama yake kwa muda wa saa moja hivi, wakimwonyesha mama namna ya kuendelea siku ambazo wao hawapo. Vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa malighafi ya nyumbani. Wengine walipewa lishe ya ziada bila mafunzo hayo. Baada ya miaka 20 hivi watafiti waliwatafuta tena, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliotembelewa na kuchezeshwa walikuwa na kipato kilichozidi kile cha wenzao kwa asilimia 25, ilhali lishe ya ziada peke yake haikuacha tofauti ya namna hiyo. Asitokee mtu akasema nimedharau chakula. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na uji wa lishe ni lazima. Ninachosema ni kwamba mtoto anayelishwa bila kusemeshwa amepewa nusu tu ya haki yake.

Mfano wa pili ni Uingereza, na huu una onyo ndani yake. Kuanzia mwaka 1999 walifungua vituo vya mpango ulioitwa Sure Start katika maeneo yenye umaskini, na kufikia mwaka 2010 vilikuwa karibu 3,600. Watafiti wa Institute for Fiscal Studies walipofuatilia watoto waliokulia karibu na vituo hivyo, mwaka 2024 walitoa taarifa kwamba watoto wa familia maskini walifanya vizuri zaidi katika mitihani ya kumaliza sekondari. Lakini faida hiyo ilitokana na vituo vya mwanzo, vilivyokuwa na fedha za kutosha na vilivyowafuata wazazi mitaani na kuwasikiliza. Vile vilivyoongezwa baadaye kwa haraka, kwa fedha kidogo kwa kila kimoja na kwa utaratibu uliopangwa kutoka juu, havikuonyesha faida hiyo. Baada ya 2010 bajeti ilikatwa, na vingi vikafungwa. Kwa hiyo akija kiongozi kutuahidi majengo 50 kwa mwaka mmoja, mimi nitamwomba aanze na manne yenye watu ndani.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa Kaliua

Shikamoo mleta uzi, kama umri wako unaniruhusu. Nimesoma kwa makini na hoja ni njema, ila nina shaka moja kubwa. Mimi ni mkulima wa tumbaku na mke wangu ni mkulima wa tumbaku. Mvua zikishaanza kuchanganya Novemba ni kupandikiza miche, Januari ni palizi na kukata vikonyo, kuanzia Februari ni kuvuna na kupakia mabanini, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku kwa moto, na usiku mtu halali kwa sababu moto wa bani unahitaji mlinzi. Mke wangu anamfunga mtoto mgongoni na kuingia naye shambani, na yule wa miaka mitatu anakaa ukingoni mwa shamba na dada yake wa miaka saba. Ukimwambia mama huyo aje akae mkekani saa tatu asubuhi, anakuona hujui maisha. Sisi huku shida yetu ni hiyohiyo unayoikataa, yaani mahali pa kumwacha mtoto salama.

Mleta uzi

Marahaba, kaka. Sikatai mahali pa kumwacha mtoto, na kwa wilaya za tumbaku hoja yako ina uzito wa pekee. Jani bichi la tumbaku, hasa likiwa na umande au mvua, linatoa nikotini inayopita kwenye ngozi na kumletea mtu kizunguzungu na kutapika. Mtu mzima anaumwa siku moja na kupona. Mtoto wa mgongoni, ambaye ngozi yake ni laini na mwili wake ni mdogo, hapaswi kuguswa na jani hilo hata kidogo. Na yule dada wa miaka saba alitakiwa kuwa darasani.

Kwa hiyo kwenye maeneo ya tumbaku ningependekeza kituo kifuate kalenda ya shamba. Kuanzia Novemba hadi Aprili kiwe pia mahali pa kulea watoto wakati wazazi wako shambani, kisajiliwe kihalali kama sheria inavyotaka, na kila mzazi awe na zamu yake ya kushinda kituoni pamoja na mlezi. Hapo ndipo anapojifunza, kwa kuwa anakaa na watoto siku nzima na kumwona mlezi anavyomtuliza anayelia bila kumtisha kwa jini wala polisi. Kuanzia Mei, mzigo ukishaanza kwenda sokoni, kituo kirudi kwenye mikutano ya mzazi na mtoto. Kuhusu gharama, vyama vyenu vya msingi vimezoea kukata ushuru kwa kila kilo, na mkutano mkuu wa wanachama unaweza kuamua sehemu ndogo iende kwenye kituo, kwa sababu kujali jamii inayowazunguka ni mojawapo ya misingi ya ushirika. Hilo linahitaji mwanachama mmoja wa kusimama na kulisema. Kaka, nakuomba uwe wewe.

Mchangiaji wa Igunga

Mleta mada, nisamehe nikiwa mkali. Mimi nimehudumu katika kamati za kijiji kwa muda mrefu, na nimeona miradi ya watoto ikija na magari meupe na fulana, inakaa miaka mitatu, kisha ufadhili unakwisha na jengo linakuwa stoo ya mbolea. Mlezi wa kujitolea anavumilia mwaka mmoja, wa pili anaolewa au anafungua genge lake. Unapozungumzia Uingereza unazungumzia nchi yenye kodi za kutosha. Huku halmashauri inahangaika na madawati.

Mleta uzi

Huo si ukali, ni uzoefu, na ndiyo maana nikataja onyo la Uingereza, kwamba hata nchi yenye kodi hizo vituo vilikufa bajeti ilipoondolewa. Kinachoua vituo vyetu mara nyingi ni mambo mawili: kuanza na jengo, na kumwita mlezi "wa kujitolea" kana kwamba tumbo lake linajitolea pia.

Kuhusu jengo, Tabora si mahali pa kukosa kivuli. Miembe tunayo, na miezi ya kiangazi inatosha kabisa. Masika yakija, kuna madarasa ya shule shikizi ambayo mchana yanakuwa matupu, kuna ofisi za vyama vya msingi ambazo nje ya msimu wa masoko zinafungwa kufuli, na kuna kumbi za makanisa na misikiti. Kituo kinahitaji mikeka, maji ya kunawa, choo ambacho mtoto mdogo hawezi kutumbukia, sanduku la vitu vya kuchezea, mizani na ubao wa kupimia urefu. Hayo yote kijiji kinaweza kuyapata bila mfadhili, isipokuwa labda mizani, ambayo zahanati inaweza kuja nayo siku za huduma ya mkoba.

Kuhusu mlezi, hapo sitasogea hata hatua moja. Alipwe. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao unawapa mafunzo na posho, na nadhani mlezi wa kituo cha familia angepaswa kufikiriwa kwa mantiki hiyohiyo. Mpaka hapo halmashauri itakapomweka kwenye bajeti, kijiji kimpe posho inayojulikana kiasi chake na tarehe yake, iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano mkuu, ambao kwa sheria unatakiwa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Posho ndogo inayofika kwa tarehe ina heshima kuliko kubwa ya ahadi. Mwanamke anayelipwa hudai vifaa, huandika mahudhurio, na husema "hapana" pale mtendaji anapotaka kulala na ufunguo wa kituo kwa ajili ya shughuli nyingine.

Mchangiaji wa Kasulu

Nachangia kutoka upande wa Kigoma. Huku kwetu watoto wengi wanakua na Kiha mpaka siku wanapoingia darasa la awali, na mwalimu anawapokea kwa Kiswahili. Nimeona watoto wachangamfu kabisa nyumbani wanakaa kimya darasani muhula mzima, na mwalimu anaandika kwamba ni wazito kuelewa. Je, kituo chako kitazungumza lugha gani? Na jambo la pili, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyopo wilayani kwetu tangu mwaka 1996, mashirika yamekuwa na maeneo rafiki kwa watoto, yenye michezo na watu waliofunzwa kuwasikiliza. Mama wa kijiji cha jirani anauliza kwa nini wa kwake hana. Sisemi kwa wivu, kwa sababu watoto wale wamepitia mambo mazito, lakini swali lake ni la haki.

Mleta uzi

Asante sana, dada au kaka, umegusa jambo nililokuwa nalisahau kwenye andiko la mwanzo. Kituo kizungumze lugha ya mama. Kama mama anasimulia kwa Kiha au kwa Kinyamwezi, asimulie hivyo, na nyimbo za kubembeleza ziwe zile alizoimbiwa yeye. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha ya nyumbani, aliyezoea kuulizwa maswali na kujibu, huyo ndiye anayejifunza Kiswahili upesi. Anayefika darasani bila kuzoea kusemeshwa kwa lugha yoyote ndiye mwenye safari ndefu. Kisha, kuanzia miaka 4, mlezi aingize Kiswahili kidogo kidogo kwa michezo na majina ya vitu, ili siku ya kwanza ya darasa la awali isiwe ya hofu.

Naona faida nyingine ya lugha ya mama, nayo ni bibi. Akina bibi zetu wana hadithi, vitendawili na subira ambavyo mafunzo ya wiki mbili hayawezi kumpa mlezi kijana. Kituo kikiendeshwa kwa Kiswahili cha ofisini bibi atakaa nyumbani. Kikiendeshwa kwa Kinyamwezi, bibi ndiye atakuwa mwalimu wa nusu ya asubuhi, na pale anaposhauri jambo lililopitwa na wakati, kwa mfano kumpa mtoto wa miezi miwili maji au uji, muuguzi aliyepo hapohapo atazungumza naye kwa adabu mbele ya binti, badala ya binti kurudi nyumbani na maelekezo mawili yanayopingana.

Kuhusu Nyarugusu, swali la mama huyo lipelekwe kama lilivyo kwenye kikao cha kata. Ujuzi wa wale waliofunzwa kambini umekaa katika watu, na baadhi yao ni wakazi wa vijiji vyenu.

Mchangiaji wa Sikonge

Hoja nzuri. Naongezea kwenye uji wa lishe. Sisi Sikonge tunayo asali safi ya misitu ya miombo, haina kemikali. Wazazi wakichangia asali kidogo kidogo, uji wa watoto wote utakuwa na nguvu na utamu, hata wachanga watakunywa.

Mchangiaji wa Nzega (muuguzi)

Samahani ndugu yangu wa Sikonge, hapo naomba nikatize. Asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, iwe safi kiasi gani. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo utumbo wa mtu mkubwa unazishinda, lakini katika utumbo wa mtoto mchanga zinaota na kutoa sumu inayolegeza misuli, kuanzia kunyonya kwake, kilio chake, mpaka pumzi. Kuichemsha ndani ya uji hakuondoi hatari hiyo. Na kabla ya miezi 6 mtoto anyonye maziwa ya mama tu, bila uji wala maji.

Kwa waliotimiza miezi 6, uji uwe mzito wa kuchotwa kwa kijiko, si wa kunywewa kikombeni kama chai. Unga wa mahindi au mtama uchanganywe na karanga zilizosagwa, au maharage, au dagaa waliosagwa baada ya kuondolewa mchanga. Ndugu zetu wa Kigoma wana mawese mekundu, ambayo kijiko kimoja kinaongeza nguvu na vitamini A. Na kila mzazi aje na kiungo chake, sufuria ipikwe hapo hapo na wote waone. Nimefundisha lishe kwa mabango kwa miaka mingi, lakini mama anakumbuka alichokikoroga mwenyewe.

Mleta uzi

Nakushukuru sana muuguzi. Wanajukwaa, tazameni jambo lililotokea hapa. Ndugu wa Sikonge ametoa ushauri kwa moyo mwema, na mwenye elimu alikuwepo kuurekebisha papo hapo bila kumdharau. Mazungumzo ya namna hii yanatakiwa kufanyika kila wiki mbele ya sufuria, kwa sababu mama wa kijijini hayumo kwenye jukwaa hili.

Niongeze la usalama kwenye vitu vya kuchezea: vizibo vya soda, mbegu na kokoto wapewe waliozidi miaka 3. Walio chini ya hapo kila kitu kinakwenda mdomoni, kwa hiyo wapewe makopo yasiyo na kingo kali, vijiko vya mbao, vibuyu, na wanasesere wa vitambaa vilivyoshonwa vizuri.

Mchangiaji wa Ujiji

Assalaam alaykum. Kuna mfano wa hapa hapa Afrika Mashariki ambao haujatajwa. Miaka ya 1980, kule Mombasa, viongozi wa jamii za Waislamu wa pwani walimwomba Aga Khan msaada wa elimu ya watoto wao wadogo, na kutokana na ombi hilo ikaanzishwa programu ya shule za awali ndani ya madrasa, ambapo mtoto alisoma dini yake na pia alijifunza kwa michezo na vifaa vya mazingira yake. Baadaye ilifika Zanzibar na Uganda, ikiwa na vituo vya nyenzo vilivyofundisha walimu na kuzisaidia kamati za wazazi kusimamia shule zao wenyewe. Sisi Ujiji na ninyi Tabora tuna vyuo vya Qurani vya siku nyingi, na wazazi wanaviamini. Kwa nini tusianzie hapo?

Halafu, akina baba. Uzi mzima unasema mama, mama, mama.

Mleta uzi

Wa alaykum salaam. Mfano wa madrasa ni mzito, na nakubali kwamba mahali ambapo wazazi tayari wanapaamini panaokoa miaka ya kuwashawishi. Masharti yangu ni mawili tu: mlango uwe wazi kwa familia za dini zote za mtaa ule, na mzazi aingie ndani pamoja na mtoto badala ya kumkabidhi kwa mwalimu na kuondoka.

Kuhusu akina baba umesema kweli. Baba wengi hawakatai kuja, bali hawajawahi kuitwa kwa jina na kwa muda unaowafaa. Wewe wa Ujiji unajua kuliko mimi kwamba wavuvi wa dagaa wanatumia taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa mitumbwi inapumzika. Siku hizo za mbalamwezi, mwaloni Kibirizi na Katonga, baba yupo nyumbani na hana haraka. Kituo cha Kigoma kiweke vikao vya akina baba siku hizo. Huku kwetu kiweke baada ya masoko ya tumbaku, tena hapo ndipo pana sababu ya pili, kwa kuwa fedha ikishalipwa ndiyo ugomvi wa nyumbani unapopamba moto, na mtoto wa miaka miwili anayeona mama akipigwa anabeba hofu hiyo mwilini. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zipo kiutaratibu katika vijiji na kata. Mjumbe wake mmoja akiwa na kawaida ya kukaa kituoni, mama anaweza kumweleza neno bila kuonekana amekwenda kushtaki.

Mchangiaji wa Kasulu

Nitalipeleka suala hili kwenye mkutano mkuu ujao wa kijiji chetu. Mleta uzi, ukipewa dakika tano mbele ya mkutano, ungeanza na nini? Watu wetu wamechoka na hotuba.

Mleta uzi

Usianze na hotuba. Kabla ya mkutano, kaa na wenyeviti wa vitongoji na mhudumu wa afya wa jamii, mwandike watoto wote wa kijiji walio kati ya miezi 18 na miaka 5, kila mmoja na jina la anayemlea, kwa sababu utakuta wengi wanalelewa na bibi au shangazi. Weka alama mbele ya jina: ana cheti cha kuzaliwa au hana, kadi yake ya kliniki iliandikwa uzito mara ya mwisho lini, ana ulemavu wowote ambao haujafanyiwa uchunguzi, na mchana anashinda na nani. Majina yabaki kwenye daftari, yasisomwe hadharani.

Mkutanoni usome jumla tu, kitongoji kwa kitongoji. Watu watanyamaza watakaposikia idadi ya watoto wao wenyewe ambao hawajapimwa tangu chanjo ya mwisho. Kisha omba mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa mkutano huo: mahali maalumu kwa siku mbili za wiki, wanawake wawili watakaochaguliwa na wazazi wenyewe pamoja na posho yao, na barua kwenda kwa mtendaji wa kata ikimwomba afisa ustawi wa jamii na msajili wa vizazi wafike siku mojawapo ya hizo kila mwezi. Hakikisha yameingia kwenye muhtasari, na nakala ya muhtasari ubaki nayo wewe, kwa sababu wakati wa kupanga bajeti ya halmashauri kupitia Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, yaani utaratibu wa wananchi kuibua mipango yao wenyewe, karatasi hiyo ndiyo itakayokupa nafasi ya kuzungumza.

Tafadhali rudi hapa utueleze mkutano uliamua nini, hata kama ni kukataa.